Vyungu vya Endapo

Namna Mwatime alivyofika Endapo haina faida kuisimulia. Alitoka kwao, akachoka, akafika. Linalofaa kusimuliwa ni alichokikuta huko, maana walimwengu wengi huisifu nchi ile kwamba inatawaliwa na sheria, bila kujuana na bila upendeleo, na sifa hizo si za uongo. Kweli Endapo hakuna upendeleo. Na huruma nayo hakuna, lakini wenye kuisifu hawafiki huko.

Mwatime alikuwa mkunga kwao, mwanamke wa maneno machache na mikono mizito. Kaka yake Chande, mfinyanzi, alikuwa amehamia Endapo akaoa huko, na hawakuonana tangu arusi. Basi alifunga kikapu cha tende na furushi la nguo akaenda kumwona. Hakuwa na jambo jingine.

Langoni palibandikwa sheria ya kuingilia, kwa herufi kubwa: *Ikiwa mizigo ya mgeni inazidi mitatu, basi arudi alikotoka. Vinginevyo, apite.* Sheria zote za Endapo zimeandikwa hivyo. Kuna ikiwa, kuna basi, na mara nyingi, si mara zote, kuna vinginevyo. Mwatime aliiona ni sheria ya watu wenye akili.

Mbele yake alisimama mfanyabiashara mmoja na punda kumi na mmoja, wote wamesheheni.

"Mizigo mingapi?" askari wa lango akamuuliza.

"Moja kwa moja natoka kwetu, bwana, sijapumzika popote, na punda wote hawa ni wangu."

"Moja," askari akasema.

Kando ya lango alikaa mwanamke mwenye kengele. Aliigonga mara moja bila kuinua uso, akaita, "Onyo! Iliyotakiwa ni namba, yaliyoletwa ni maneno!" Kisha akarudia kuchambua mchele wake. Punda wakapita, wa kwanza hadi wa mwisho.

Askari hakuwa kipofu. Aliwaona punda vizuri sana, hata mmoja alimkanyaga. Ila kazi yake ilikuwa kusikiliza neno la kwanza la jibu. Likiwa namba, hiyo ndiyo hesabu, na yanayofuata hayamhusu. Lisipokuwa namba, hesabu ni sufuri.

"Nawe, mama, mizigo mingapi?"

"Kikapu na furushi," Mwatime akajibu.

"Sufuri." Kengele ikalia, onyo likaitwa. "Pita, mama. Huna mzigo."

"Na hivi nilivyobeba?"

"Onyo limeshatolewa," askari akamjibu kwa upole.

Katika Endapo, kila mahali panaposomwa sheria husimama mwonyaji na kengele yake. Mgeni husikia kengele hizo tangu alfajiri, sokoni, kisimani, hata kwa kinyozi, na siku ya kwanza hudhani kuna moto. Mwatime naye alishtuka mara kadhaa kabla mama mmoja wa njiani hajamwelewesha. Onyo si kosa, alimwambia. Kosa ni pale sheria inapopewa kitu isichoweza kukifanyia lolote, na hapo kazi husimama. Lakini sheria ikipewa kitu cha aina nyingine kuliko ile iliyotakiwa, hujitahidi yenyewe, hukigeuza kimyakimya kikafanana na kilichotakiwa, kisha ikaendelea. Mwonyaji hugonga kengele ili ijulikane kwamba jambo hilo limetokea.

"Na ikishajulikana?" Mwatime akauliza.

Mama yule alifikiri. "Inakuwa imejulikana," akasema.

Alikula, au tuseme alitaka kula, katika nyumba ya wageni. Ukutani paliandikwa: *Ikiwa mgeni ana njaa, basi apewe maji. La sivyo, ikiwa ana njaa sana, basi apewe wali na mchuzi.* Mwatime aliletewa maji. Akasema ana njaa sana. Mwenye nyumba akamuuliza kama mwenye njaa sana naye si mwenye njaa, na Mwatime akakubali kwamba ni mwenye njaa. Basi akaongezewa maji. Endapo sheria husomwa kutoka juu, na panapopatikana sharti la kwanza lililotimia, kusoma hukoma hapo hapo. Jikoni wali ulikuwapo, unanukia nazi, nao hupikwa kila siku kwa kuheshimu mstari wa pili. Hakuna aliyewahi kuupata. Mwatime alimshauri mwenye nyumba abadilishe mistari, wa chini uwe juu, naye akacheka mpaka akakaa chini, akasema wageni wana vituko.

Hapo ndipo walipomfundisha pia adabu ya vidole. Anayeuliza jambo huinua vidole viwili; anayeamuru liwe, huinua kimoja. Jirani yao mmoja alitaka kuuliza kama mama mkwe wake ndiye mkuu wa mtaa, akainua kimoja kwa bahati mbaya. Mama yule ni mkuu wa mtaa mpaka leo, na wanasema si mbaya.

Mwatime alifika kwa Chande tumbo limejaa maji. Uani palitandikwa mikeka, na wanawake waliojifunika kanga walikuwa wamekaa kimya. Pembeni sufuria kubwa ya kahawa ilikuwa motoni. Mtu hahitaji kuambiwa matanga yanavyofanana.

"Nani amefariki?" akamuuliza wa kwanza.

"Mwenye nyumba. Chande, mfinyanzi. Pole sana, mwenzangu."

Mwatime aliangusha kikapu, akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, akimtaja kaka yake kwa jina la utoto. Wanawake wakamshika mabega. Alipokuwa katika kilio hicho, mlango wa chumba ukafunguliwa, na Chande mwenyewe akatokea, amevaa shuka jeupe, ana kikombe mkononi.

"Dada! Karibu sana. Umefika lini?"

Hakuna aliyegeuka isipokuwa Mwatime. Yeye aliacha kulia, akamtazama. Kazi ya ukunga ilikuwa imemzoeza kutambua aliye hai na asiye hai, na wala hakuhitaji kukaribia. Akainuka akampiga kofi la bega, zito.

"Nani amekufa hapa?"

"Mimi," Chande akasema, kwa haya kidogo. "Ingia ndani, nikueleze. Hawa hawawezi kuzungumza nami, wasije wakaonekana wehu."

Ndani alikuwapo mkewe, Sihaba, amejifunika, macho yamevimba. Walikumbatiana, wifi na wifi, na Sihaba akashindwa kusema. Basi akasimulia Chande, polepole, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa jirani.

Katikati ya mji wa Endapo kuna Jumba la Vyungu. Kila mkaaji ana vyungu vyake humo, vimepangwa rafuni, kimoja kwa kila jambo ambalo sheria hupenda kulijua: *Ameoa, Anaumwa, Amekufa*, na vinginevyo. Chungu kitupu maana yake si hivyo. Chungu chenye kitu maana yake ni hivyo. Mtu akifa, jamaa zake hutia udongo konzi moja katika chungu chake cha *Amekufa*, na sheria ikapata habari. Vyungu vyenyewe vina shingo nyembamba, kidole hakipiti, kwa hiyo hakuna anayetazama ndani. Kuna afisa aitwaye Mpima. Huyu hukishika chungu, hukitikisa karibu na sikio, na kikitoa sauti, basi kina kitu.

"Vingi nimevifinyanga mimi," Chande akasema, na hapo sauti yake ilikuwa na majivuno. "Shingo zile ni kazi ngumu, dada."

Sasa, Waendapo majumbani mwao wana desturi nyingine, kongwe kuliko hilo Jumba. Wanapojibu jambo zito, hawajibu kwa mdomo, hutoa ushanga. Mweupe ni ndiyo, mweusi ni hapana. Msichana akiposwa hutoa ushanga. Mgonjwa akiulizwa kama amepata nafuu, hutoa ushanga. Na mwezi uliopita, Chande alipokuwa amekwenda bonde la mbali kuchimba udongo wa kazi, uvumi ulifika mjini kwamba ukingo umeporomoka na kuwafukia wachimbaji.

"Nilijua si kweli," Sihaba akasema sasa. "Nilimwota, wifi, akinung'unika njaa. Lakini niliogopa. Nikasema, jumbani wasije wakausikia uvumi huu wakauamini. Nikakata ushanga mmoja kwenye shanga zangu za kiunoni, mweusi, nikautia katika chungu chake. Chungu kimeandikwa *Amekufa*. Nami nikajibu: hapana."

Akaongeza kwa sauti ndogo, "Nilitaka kuhakikisha."

Mpima alipopita siku ya kupima, chungu kilitoa sauti. Mwonyaji akaitambua sauti hiyo, akagonga kengele akaita, "Onyo! Uliotakiwa ni udongo, umeletwa ushanga!" Mpima akaendelea na chungu kilichofuata. Chande aliporudi na magunia yake ya udongo, aliwakuta watu matangani, akakaa nao, akawauliza nani amefariki.

"Basi nenda ukautoe huo ushanga!" Mwatime akasema.

"Kutia anaweza yeyote, lakini chungu hufunguliwa na mwenyewe tu. *Ikiwa mwenye chungu yu hai, basi aweza kukifungua.*"

"Nawe u hai."

"Kwa chungu, dada, si hai."

Mwatime alimwambia wafunge mizigo waondoke saa ileile. Chande akatikisa kichwa: sheria ya kutokea langoni haimtambui maiti anayetembea, na askari hutii sheria. Ndipo Mwatime akauliza jambo alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo.

"Na mtu akiwa amekufa, sheria inasema afanywe nini?"

Chande aliitazama kahawa yake. "*Ikiwa chungu cha Amekufa kina kitu, basi azikwe. Vinginevyo, aendelee na shughuli zake,*" akasoma kwa moyo. "Leo alasiri."

Wakati huohuo mlango ulibishwa, akaingia mtu mzima mrefu, mwenye kofia safi na uso wa ukarimu. Alikuwa Bwana Shomvi, Mpima mwenyewe, amekuja kuhani. Alimpa Sihaba mkono, akampa Mwatime mkono, akasema maneno mazuri juu ya marehemu: fundi, mpole, shingo za vyungu vyake hazina mfano. Chande akaitikia amina. Shomvi akamtazama kwa huzuni ya kweli, maana walikuwa wakicheza bao pamoja.

"Bwana Shomvi," Mwatime akasema, "huyu hapa anapumua."

"Naona, mama."

"Basi kwa nini mmzike?"

"Mimi sipimi watu, mama. Ningepima watu, ningempendelea rafiki yangu, na kesho mwingine angempendelea rafiki yake. Napima vyungu." Alivua kofia. "Usidhani nililala vizuri."

Na Mwatime aliona kwamba mtu huyu si katili, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kama angekuwa katili.

Shomvi alipotoka, Chande aliendelea kueleza kwamba sheria ile kwa ujumla ni nzuri, kwamba zamani watu walizikwa kwa fitina, kwamba nchi haiwezi kuvunja utaratibu kwa ajili ya mfinyanzi mmoja. Aliyasema yote hayo kwa ufasaha. Kisha akakiweka kikombe chini, kahawa haijaguswa.

"Naogopa, dada," akasema. "Nimewachimbia udongo miaka yote, nami nauogopa."

Mwatime akajitanda kanga yake, akawashika mkono wote wawili, akawapeleka Barazani.

Baraza la Endapo hukaa ndani ya Jumba la Vyungu lenyewe, kati ya rafu na rafu. Mkuu wake ni Msomaji, na wakati ule alikuwa Mheshimiwa Sururu, mwanamke mwembamba mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Maombi ya mgeni husikilizwa siku yoyote, kwa kuwa sheria inasema hivyo, na Mwatime alisikilizwa kwa utulivu kamili. Alisema kaka yake yu hai. Alisema wifi yake alitia ushanga mweusi, na mweusi ni hapana, na kila mtoto wa mji ule anajua hivyo.

"Yote hayo hatuyapingi," Sururu akasema. "Lakini sheria haikuuliza rangi ya ushanga, mama. Haikuuliza hata kama ni ushanga. Imeuliza kama chungu kina kitu. Hapana iliyowekwa ndani ya chungu ni kitu."

Wajumbe wakanong'ona kwa kuridhika. Ilikuwa imesemwa vizuri.

Mjumbe mmoja mnene alisimama akasema kwamba tatizo ni kengele. Kengele hazisikiki. Ziwe kubwa zaidi. Mwingine akampinga: kengele zinasikika mno, na wageni wakizisikia hudhani nchi ina matatizo. Alikumbusha kwamba Baraza lilikwisha kupitisha kengele zote za Jumba zitiwe pamba, na tangu hapo maonyo yamepungua sana. Kwa kweli Mwatime aliiona kengele ya mwonyaji wa Jumba, mtu wa makamo aitwaye Mbwera, imesongwa pamba mpaka mdomoni. Ilipogongwa ilitoa sauti kama mtu anayebisha hodi kwenye godoro.

Mjumbe wa tatu, kwa woga, akapendekeza kwamba labda Mpima angekuwa anatazama kilichomo. Ikiwa ni udongo, hesabu iendelee. Ikiwa si udongo, kazi isimame kwanza.

Hapo palizuka kelele. Kazi isimame! Walimuuliza kama anataka Endapo iwe kama nchi ya ng'ambo ya mto, ambako huwezi kutia kitu katika chungu mpaka kwanza utangaze mbele ya watu kitakuwa cha aina gani, na ukitangaza udongo ukaja na mchanga unarudishwa nyumbani. Huko, walisema, hakuna aliyezikwa hai, ni kweli, lakini foleni ya kutangaza inafika sokoni, na watu wanaoana wakiwa wazee. Mjumbe yule akaketi, akaomba radhi.

Mwatime alikuwa akiwasikiliza, na kwanza hasira zilimpanda hata masikio yakamwaka. Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea; hawa wana dawa inayogongwa kila siku kwa kengele, na wameitia pamba. Lakini mkunga hana faida na hasira. Mtoto akikaa vibaya tumboni, hupigani naye. Unatafuta njia anayoweza kutokea. Alianza kuuliza maswali, na kila mara aliinua vidole viwili, ili asije akamfanya mtu kuwa mkuu wa mtaa.

"Mheshimiwa, chungu kikiwa kitupu?"

"Basi si hivyo. Aendelee na shughuli zake."

"Kikiwa na upepo tu?"

"Kitupu."

"Na kama chungu hakipo kabisa?"

Sururu alipekua kitabu. Si swali alilozoea. "Chungu kisichokuwapo huhesabiwa kitupu," akasema. "Mwonyaji huonya, na kazi huendelea."

"Haisimami?"

"Mama, hilo ni onyo, si kosa."

"Nashukuru," Mwatime akasema. "Naomba nikione chungu cha kaka yangu, nimuage."

Ombi hilo halikuwa na sheria ya kulizuia. Shomvi alipanda ngazi, akakishusha chungu kwa mikono miwili, akakiweka mezani mbele yake. Kilikuwa chungu kizuri, chekundu, shingo yake imenyooka. Chande alikitazama kama fundi anavyoitazama kazi yake, na ndiye wa kwanza kuelewa.

"Dada, hicho kilinichukua siku nzima," akasema.

Mwatime alikiinua juu ya kichwa akakibamiza sakafuni.

Vipande viliteleza mpaka chini ya rafu. Mjumbe mnene akataka mwanamke huyu akamatwe, na vitabu vikaletwa. Ikasomwa: *Ikiwa mwananchi amevunja chungu, basi afungwe.* Mwatime hakuwa mwananchi. Walitafuta vinginevyo. Haikuwapo. Walipoandika sheria ile hawakumfikiria mtu mwingine yeyote, na palipokosekana vinginevyo, Endapo hufanya lisilo na madhara kwa mtu yeyote, yaani hawafanyi kitu. Kitabu kikafungwa.

"Basi isomwe sheria ya maziko," Mwatime akasema, "kwani alasiri imefika."

Sururu akasoma. "Ikiwa chungu cha *Amekufa* cha Chande mfinyanzi kina kitu."

Bwana Shomvi akasogea mezani. Hakuwa na la kufanya ila kazi yake. Alinyoosha mikono, akashika mahali ambapo chungu kingekuwapo, akapainua mpaka karibu na sikio lake, akatikisa. Watu wote walikaza masikio.

Mbwera akaigonga kengele yake yenye pamba. "Onyo," akasema. "Chungu hakipo."

"Hakuna sauti," Shomvi akasema.

"Vinginevyo," Sururu akasoma bila kupandisha sauti wala kuishusha, "aendelee na shughuli zake."

Na papo hapo wajumbe wakamgeukia Chande wakamwamkia, wakamuuliza habari za siku nyingi. Mjumbe mnene alimwagiza mitungi miwili. Chande alikaa sakafuni katika shuka lake jeupe akalia kwa kwikwi, na Mwatime akakaa karibu naye akamfuta uso kwa upindo wa kanga, naye akilia pia, wala hakujificha. Alifurahi. Nchi nzima ilikuwa imepinda, na yeye alifurahi.

Sihaba hakuwa nao. Alikuwa amepiga magoti kati ya vipande, akipapasa. Alipoinuka alikuwa na kitu kidogo kati ya vidole.

Shomvi alikuwa akifagia vigae kwa mguu ili visimkate mtu. "Nini hicho?" akauliza.

"Ushanga wangu, bwana."

"Hebu."

Akamwekea kiganjani. Mpima alikuwa amefanya kazi Jumbani tangu ujana wake, na hakuwahi kuona kilichomo ndani ya chungu chochote. Aliuzungusha ushanga kwa kidole gumba.

"Mweusi," akasema.

"Mweusi, bwana. Nilisema hapana."

Aliokota kigae kimoja kikubwa, kilichobaki na umbo la kitako, akautia ushanga humo, akakipeleka karibu na sikio. Akatikisa. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya kitu kimoja kigumu kinachogonga udongo uliochomwa. Haikufanana hata kidogo na mchakacho wa konzi ya udongo, na mtu aliyesikia zote mbili kwa miaka yote ile hawezi kusema zinafanana. Shomvi alitikisa tena. Kisha akainua macho kuelekea rafu za juu kabisa, ambako vyungu vya waliokwisha kuzikwa hupangwa, safu juu ya safu, mpaka darini.

"Cha mama yangu kililia hivi," akasema.

Sururu alikuwa ameshafungua kitabu kwenye shauri linalofuata.

"Alisema yu hai," Shomvi akaendelea, kwa sauti ileile ya ukarimu, kama anayehani. "Njia nzima alikuwa akisema. Nikamwambia, mama, hujaulizwa wewe."

Mbwera alikuwa amesimama mahali pake, kengele mkononi. Alibadilisha mguu.

"Niligonga, bwana," akasema. "Siku ile niligonga. Hata pamba ilikuwa haijatiwa."

"Najua," Bwana Shomvi akasema. "Niliisikia."